Mtoto njiti na titi la mama: namna ya kumfikisha

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga, na mtoto wako yuko ndani na mrija puani, acha kusoma kwanza. Nawa mikono, tafuta kikombe safi, ukamue. Hata yakitoka matone matatu tu. Ukimaliza, rudi tuendelee.

Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nikiwa na watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37, hawa tunaowaita njiti. Nilipokuwa bado mgeni kazini, katika wodi moja, nilimwambia mama aliyejifungua kwa upasuaji apumzike kwanza siku mbili tatu. Mtoto alikuwa na gramu 1,300, hawezi kunyonya, nikaona haraka ya nini. Siku ya tano mtoto alikuwa tayari kupokea maziwa mengi zaidi, lakini matiti ya mama yalikuwa yamelala. Tulihangaika karibu wiki mbili kuyaamsha. Yule mama alilia, na mimi nililia, maana kosa lilikuwa langu. Tangu hapo neno langu la kwanza kwa kila mama wa njiti ni hilo hilo: titi halimsubiri mtoto. Mtoto anaweza kuchukua wiki sita kujifunza kunyonya, na hakuna ubaya. Titi lenyewe hujipangia kiwango chake cha maziwa katika wiki mbili za mwanzo. Lisipoondolewa maziwa siku hizo, linajua hakuna mtoto.

Haya yote yanakwenda sambamba na maelekezo ya daktari na nesi wa wodi yako. Wao wanamwona mtoto, mimi simwoni.

Kwanza ujue mtoto wako anaweza nini kwa sasa

Kunyonya ni kazi tatu kwa wakati mmoja: kuvuta, kumeza na kupumua. Mtoto aliyetimiza miezi yake anazifanya bila kufundishwa. Njiti wa chini ya wiki 32 bado hawezi kuzipanga, kwa hiyo maziwa yako yatapita kwenye mrija mwembamba unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni. Kati ya wiki 32 na 34 wengi wanaweza kunywa kwa kikombe na kulamba titi. Kuanzia wiki ya 34 wengi wanaanza kunyonya kweli, ila wanachoka haraka. Wiki ya 36 na 37 ndipo wengi wanakuwa na nguvu ya kutosha.

Hizo ni wiki za mimba, siyo umri tangu kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa na wiki 30 na sasa ana wiki tatu duniani, mhesabu wiki 33. Muulize nesi hivi: "Mtoto wangu leo ana wiki ngapi ukijumlisha na za tumboni?" Jibu lake litakuokoa na huzuni ya kudhani mtoto anakataa titi, kumbe hajafika wakati wake.

Hatua ya 1: Kamua ndani ya saa ya kwanza, au mara tu unapoweza

Ikiwezekana anza ndani ya saa moja baada ya kujifungua. Ukiwa umepasuliwa au ulipata kifafa cha mimba, anza ndani ya saa sita za mwanzo, hata ukiwa umelala chali na mtu mwingine anakushikia kikombe. Dada yako au wifi yako anaweza kukukamua ikiwa mikono yako ina dripu. Hakuna aibu hapo.

Yatakayotoka ni dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Ni kidogo. Siku ya kwanza unaweza kukamua dakika ishirini ukapata yasiyojaza kijiko cha chai, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Nakumbuka mama mmoja kutoka Makete, mwezi wa sita, saa kumi alfajiri, amejifunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Alikamua, akaniletea kikombe akiwa ameinamisha uso. Chini ya kikombe palikuwa na tone moja kubwa, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, limeng'ang'ania ukutani. Nikalivuta kwa sirinji ndogo: halikufika mililita moja. Tukaingia ndani pamoja, nikamwonyesha namna ya kumdondoshea mtoto ndani ya shavu, upande huu kidogo na upande huu kidogo. Ulimi wa mtoto ukatoka, ukalamba mdomo, ukarudi. Baada ya hapo yule mama hakuinamisha uso tena.

Kuna bibi na mama wakwe watakaosema maji hayo ya njano ni machafu, yamwagwe. Kwa heshima zote, shikamoo mama, lakini hayamwagwi. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Utumbo wa njiti ni laini kama karatasi iliyolowa, na ugonjwa unaotisha zaidi wodini kwetu ni ule wa utumbo kuvimba na kuanza kufa. Mtoto anayepata maziwa ya mama anaupata mara chache zaidi kuliko anayepewa maziwa ya kopo. Tena mwili wa mama aliyejifungua kabla ya wakati unatengeneza maziwa yenye protini na chumvi nyingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi tisa. Titi lako linajua limezaa mtoto gani.

Hatua ya 2: Namna ya kukamua kwa mkono

Pampu si lazima. Siku za mwanzo mkono unatoa dang'a vizuri kuliko pampu, kwa sababu matone mazito yanaganda kwenye mipira na kupotea.

Tafuta kikombe chenye mdomo mpana. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, kisha kichemshe kwenye sufuria au kijaze maji yanayochemka na uyaache humo dakika chache kabla ya kuyamwaga. Nawa mikono hadi kwenye viwiko na ukate kucha.

Pata joto. Huku kwetu hili ni nusu ya kazi: titi lililopigwa na baridi ya Njombe haliachii maziwa. Weka kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu juu ya titi kwa dakika tano, kisha lisugue taratibu kwa mviringo, kutoka juu kuelekea kwenye chuchu. Mwangalie mtoto wako, au shika kofia yake uinuse. Si ushirikina. Harufu na sura ya mtoto vinaamsha homoni inayosukuma maziwa yatoke, na hofu inaizuia.

Sasa weka kidole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, kama herufi C, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani. Kisha bana vidole vikutane. Achia. Sukuma, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, utajichubua, na usiivute chuchu yenyewe, haina maziwa ndani yake. Dakika ya kwanza huenda kusitoke kitu, endelea. Yakipungua upande mmoja, zungusha vidole sehemu nyingine ya titi, halafu hamia titi la pili baada ya dakika tatu hadi tano, kisha rudi la kwanza. Kazi nzima ichukue dakika 20 hadi 30.

Kukamua vizuri hakuumi. Kukiuma, mwite nesi aone mkono wako unakaa wapi.

Hatua ya 3: Mara nane kwa siku, na usiku usiuruke

Mara nane ndiyo kiwango cha chini kwa saa 24, mara kumi ni bora, kumi na mbili ni bora zaidi. Kwa wastani ni kila baada ya saa mbili hadi tatu. Usiku unaruhusiwa pengo moja la saa nne, basi.

Ule mkamuo wa saa nane usiku ndio akina mama wengi wanaouacha, nami nawaelewa, maana Mafinga au Tukuyu usiku wa Julai kutoa mkono nje ya blanketi ni adhabu. Lakini homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Mkamuo mmoja wa usiku unaagiza maziwa ya kesho. Andaa mapema: kikombe kilichofunikwa kiwe kando ya kitanda, chupa ya chai yenye maji ya moto, kitambaa, na sweta linalofunguka mbele. Weka kengele kwenye simu. Baba akiwepo, kengele iwe kwenye simu yake, aamke yeye kwanza amimine maji.

Chukua daftari la watoto wa shule uandike muda na kiasi. Siku ya tatu hadi ya tano maziwa huongezeka ghafla, yanabadilika kuwa meupe. Mwisho wa wiki ya pili tunatamani jumla ya siku ifike angalau nusu lita, hata kama mtoto anakunywa robo tu ya hayo. Ziada hiyo ni akiba ya titi, kwa sababu mtoto anapoongezeka ni vigumu kupandisha maziwa yaliyokwisha kushuka. Ukiona siku mbili mfululizo kiasi kinapungua, ongeza idadi ya mikamuo kabla ya kuongeza chakula.

Na chakula? Kula ushibe, kunywa kila unaposikia kiu. Maharage, ndizi, viazi, mboga za majani, parachichi, usipa wa Ziwa Nyasa, uji wa ulezi wenye karanga: vyote vinakujenga. Hakuna kimojawapo kinacholeta maziwa kama titi halikamuliwi. Ulanzi na komoni usiviguse, pombe inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto wa kilo moja na nusu ambaye ini lake halijakomaa.

Hatua ya 4: Mweke kifuani

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey, kisha na mwenzake Héctor Martínez, walikuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwapasha joto. Wakawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo tunayoiita kangaruu. Watu walidhani ni njia ya maskini. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania kwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na 1.8, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza ianze mapema hivyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Naiweka kwenye mwongozo wa kunyonyesha kwa sababu mbili. Mtoto aliye kifuani maziwa ya mama yanaongezeka. Na mtoto anayesikia baridi anatumia maziwa yake kujipasha joto badala ya kukua, na kwenye baridi yetu hii unaweza kumlisha vizuri wiki nzima na mizani isisogee.

Mvue abaki na nepi, kofia na soksi. Msimamishe katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, kichwa kimegeukia upande, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijikunje, miguu imekaa kama ya chura. Mfunge kwa kitenge au khanga hadi usawa wa sikio, kisha vaa nguo zako juu. Lala ukiwa umeegemea mito, usilale bapa. Ukienda kuoga, baba anamchukua, au bibi. Kifua chochote cha mwanafamilia mwenye afya kinafaa.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani alimo mtoto, hata mlango ukiwa wazi. Hewa yake haina harufu na inaua wakubwa, sembuse njiti.

Hatua ya 5: Maziwa kwa mrija

Mtoto akilishwa kwa mrija, hudhuria. Omba umshike kifuani wakati nesi anamlisha. Maziwa yanamiminwa kwenye sirinji isiyo na kisukumio, inainuliwa juu, yanateremka yenyewe taratibu. Usiyasukume.

Wiki hizo hizo anza kumzoesha. Kamua titi kwanza hadi lilegee, kisha mweke mdomo wake kwenye chuchu alambe, huku mrija ukiendelea kupitisha maziwa. Anajifunza kwamba ladha hii, harufu hii na tumbo kushiba vinakwenda pamoja.

Utasikia nesi anataja mililita, na akina mama wengi wanaona aibu kuuliza. Mfano ni huu: mtoto wa gramu 1,600 aliye imara mara nyingi huanzia mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 96. Ukigawa kwa milo minane ni mililita 12 kila baada ya saa tatu. Kiasi hupandishwa kila siku hadi kufika mililita 160 kwa kilo, ambayo kwake ni 32 kwa mlo. Aliye chini ya kilo moja na nusu, au mgonjwa, anaanza na kidogo zaidi na daktari ndiye anayepanga. Usipandishe mwenyewe.

Hatua ya 6: Kikombe

Hapa mambo hufurahisha. Kikombe kidogo, hata kile cha plastiki cha kupimia dawa, kinatosha. Chupa yenye chuchu ya mpira usiilete: ni ngumu kuisafisha, na inamfundisha mtoto kuvuta kwa namna isiyo ya titi.

Mkalishe mtoto wima mapajani, umemfunga kitambaa mikono isipige kikombe, kiganja chako kimeshika shingo na mabega. Subiri awe macho. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, uinamishe hadi maziwa yaguse tu mdomo wa juu. Kisha tulia. Usimimine. Utaona pua inachezacheza, halafu ulimi unachomoza kama wa paka anayekunywa maziwa, analamba mara mbili tatu, anafumba mdomo, anameza, anapumzika. Kikombe kibaki pale pale wakati anapumzika. Ataanza tena mwenyewe. Akifunga mdomo na kugeuza kichwa, ameshiba au amechoka, na yaliyobaki apewe kwa mrija kama bado anao. Ukimimina unampeleka maziwa mapafuni.

Kinachobaki kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo kimwagwe. Maziwa yaliyokamuliwa na kufunikwa vizuri yanakaa saa nne nje, pasipo na joto kali, na siku mbili kwenye friji kwa mtoto wa aina hii. Kyela na Mbarali kwenye joto, usisubiri hata hizo saa nne, kamua kila mlo kwa wakati wake. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyaweke motoni.

Hatua ya 7: Titi lenyewe

Siku ya kwanza anayonyonya huenda akavuta mara tatu na kulala. Hiyo ni siku njema. Iandike kwenye daftari.

Mkao unaowafaa njiti ni wa kwapani: mwili wake unapita chini ya mkono wako, miguu imeelekea mgongoni kwako, na kiganja cha mkono huo huo kimeshika shingo na mabega. Au mlaze kifuani, umshike kwa mkono wa upande wa pili wa titi analonyonya. Kote huko usimsukume kisogoni, atajipinda nyuma. Gusa mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afungue mdomo mpana kama anapiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mdomo ushike sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, siyo chuchu peke yake.

Kidevu cha njiti huwa hakina nguvu, taya linateleza. Shika titi kwa vidole vitatu vya chini, kisha kidole gumba na cha shahada vishike mashavu yake mawili kwa wepesi, kidevu kikae kwenye kona kati yao. Wengi waliokuwa wakiachia kila baada ya mvuto mmoja wanatulia ukiwashika hivyo.

Maziwa yakitoka kwa kasi hadi anapaliwa, kamua kidogo kwanza. Maziwa hayo ya mwanzo ni mepesi; ya mwishoni yana mafuta mengi, na ndiyo yanayonenepesha. Ukiwa na maziwa mengi na mtoto haongezeki uzito vizuri, kamua ya mwanzo uyaweke pembeni, mpe ya mwisho.

Njiti halii njaa. Hili nalirudia kwa akina mama wenye watoto wakubwa nyumbani, kwa sababu wamezoea kusubiri kilio. Njiti mwenye njaa analala zaidi. Mwamshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana: mfungue nguo kidogo, msugue nyayo, mbadilishe nepi. Akinyonya dakika kumi akachoka, malizia kwa kikombe maziwa uliyokamua, halafu kamua kilichobaki titini. Kunyonyesha, kikombe, kukamua: mlo mmoja unakula saa nzima, na baada ya saa mbili unaanza upya. Ndiyo maana mama wa njiti hatakiwi kupika, kufua wala kwenda shamba. Waambie ndugu waziwazi. Mwenye kuja kukuona aje na chakula, afue na nepi.

Kikombe kipunguzwe taratibu, mlo mmoja baada ya mwingine, huku mizani ikithibitisha. Kwa mapacha, mwenye nguvu asimalize yote. Kila mmoja awe na kikombe chake na ukurasa wake kwenye daftari.

Kwa mama anayeishi na VVU

Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango kikubwa cha VVU Tanzania Bara, kwa hiyo sitaliruka hili. Ukitumia ARV kila siku bila kukosa na mtoto akapewa dawa yake ya kinga, unamnyonyesha njiti wako kama mama mwingine yeyote. Maziwa yako peke yake kwa miezi sita, bila kuchanganya na maji, uji wala maziwa ya ng'ombe, maana kuchanganya kunaongeza hatari. Chuchu zikipasuka au titi likijaa usaha, wahi kwa nesi siku hiyo hiyo. Upande ulioumia unakamuliwa na maziwa yake kumwagwa hadi upone.

Nyumbani

Mtoto anaruhusiwa anapokuwa ananyonya au kunywa kwa kikombe bila shida, joto lake limetulia na uzito unapanda. Safari ya kurudi Chunya, Ludewa au Ileje ifanyike akiwa kifuani, na usipitishe saa tatu bila kumpa maziwa hata kama basi halijasimama. Endelea na kangaruu hadi afike gramu 2,500 au mwenyewe aanze kujinyonganyonga atoke.

Siku za mwanzo baada ya kuzaliwa mtoto hupungua uzito, hadi asilimia 10, na kuurudia katika wiki mbili. Baada ya hapo tunatarajia kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 2 aongezeke gramu 30 hivi kwa siku, yaani karibu gramu 200 kwa wiki. Mpeleke kupimwa ndani ya wiki ya kwanza ya kuruhusiwa, na kila wiki baada ya hapo hadi nesi akuachie.

Maziwa ya ng'ombe, hata yawe ya Rungwe yaliyokamuliwa asubuhi hiyo, hayampi njiti kitu ila kuhara na kutoka damu tumboni. Maji ya sukari, dawa za mchango, na kukatwa kilimi ndivyo vinavyowarudisha watoto wodini. Atakachoongezewa ni vitamini D na matone ya madini ya chuma anayoandikiwa na daktari, kwa sababu akiba ya chuma huwekwa miezi ya mwisho ya mimba na yeye hakuipata.

Rudi hospitali bila kungoja asubuhi ukiona: amekataa kunyonya milo miwili, ni baridi kifuani hata akiwa kangaruu, ana joto kali, anasahau kupumua au midomo inakuwa ya bluu, mbavu zinaingia ndani anapopumua, tumbo limejaa na kung'aa, anatapika kijani, choo kina damu, unjano umefika viganjani na nyayoni, au anashtukashtuka. Mweke kifuani njiani.

Ukiwa umeajiriwa, peleka kazini barua ya hospitali inayoonyesha wiki alizozaliwa mtoto. Sheria ya ajira inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na marekebisho ya 2025 yamemwongezea muda mama wa njiti. Ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ukiwa mbali na nyumbani, zitumie kukamua.

Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, asicheleweshwe kwa sababu ni mdogo, isipokuwa nesi akisema uzito bado. Kukaa, kutambaa na kusimama kunahesabiwa kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa mwezi wa pili badala ya wa nne, ikifika mwezi wa kumi mwangalie kama mtoto wa miezi sita, siyo wa minane. Jirani akiuliza mbona hajakaa, mtajie mwezi wa nne. Na uji usianze kabla ya miezi sita. Siku ya kuuanza ipangwe na kliniki, mkononi ukiwa na lile daftari.